Mama Dastani na Ndege Asiyesimama

Kabla ya kumshika kuku yeyote, Mama Dastani alipuliza viganja vyake mara tatu, akavisugua, ndipo akanyoosha mikono. Hata mwezi wa kumi na moja, wakati joto la uwanda linamfanya mbwa asihame kivuli, alipuliza. Miaka ilivyokwenda tabia hiyo ikahamia kwa watu. Ukimpa mkono alikuomba usubiri kidogo, akapuliza, kisha akakupa wa kwake ukiwa na uvuguvugu. Wageni walidhani ni mila ya Wamakonde. Haikuwa mila. Kwenye semina ya wiki moja pale Masasi, mkufunzi aliwaambia kwamba kuku akiguswa na mkono wa baridi hushtuka, akishtuka hufumba jicho, na jicho likifumbwa tone la dawa hupotea. Washiriki walikuwa kumi na watano. Wengine wote walikwisha kuyasahau maneno hayo kabla basi halijawafikisha kwao. Yeye aliyafuata miaka ishirini na miwili.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Winfrida. Alikuwa mchanjaji wa kuku wa kijiji chetu, kijiji kilichopo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Newala mjini. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari na mpangaji wake. Chumba changu kilitazamana na jiko lake. Kila baada ya miezi mitatu nilimsikia akitoka alfajiri, kabla watu hawajafungulia mabanda, na kapu lenye chupa ndogo ya dawa iliyoviringishwa kwenye kitambaa kibichi ili isipate joto. Tone moja kwenye jicho moja. Anasubiri kuku apepese. Anamwachia. Anadaka mwingine. Kabla yake, watu wa huku waliamka siku moja ya kiangazi wakakuta banda zima limelala chali, na mwaka uliofuata vilevile, wakaona ndivyo kuku walivyoumbwa. Ugonjwa huo ni kideri. Baada yake, mama aliyekuwa na kuku sita mwezi wa tano aliweza kuwa nao bado mwezi wa kumi. Kwa hiyo Mama Dastani alipolitazama banda na kusema neno, neno lile halikuwa na wa kulipinga.

Hilo ndilo lililomponza.

Mwaka ule kimbunga kilipiga ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Sisi kilitugusa kwa mkia tu, lakini mkia wenyewe ulitosha. Alhamisi kutwa upepo ulivunja matawi ya mikorosho, mvua ikaingia ndani kwa ubavu, na kila chombo kilichokuwa uani kikajaa maji: ndoo, sufuria, mpaka kofia ya mtu iliyosahauliwa kwenye kigingi. Kwa watu ambao mwaka mzima wanafukuzana na maji, ilikuwa furaha ya ajabu. Ijumaa asubuhi majirani walikuwa wanaoneshana ndoo zao kama watu wanaooneshana vitenge vipya. Katikati ya furaha hiyo Hamida, jirani yetu wa upande wa kisima kilichokauka, akapiga kelele kutoka kwenye mihogo yake.

Chini ya mhogo ulioanguka palikuwa na ndege mweupe. Nasema mweupe, lakini nimeona weupe wa mashuka ya hospitali na wa kanzu za Idi, na wote ulikuwa na vumbi ukilinganisha na huu. Mdomo ulikuwa wa manjano, mstari mweusi ulipita kwenye jicho kama wanja, na kutoka mkiani zilitoka nyuzi mbili za manyoya, ndefu kuliko mwili wake wote, zimelala juu ya matope. Hamida alikuwa amemgusa kwa mpini wa jembe, ndege akauma mpini. Ndani ya dakika chache tulikuwa watu ishirini. Mmoja akasema huyu ni bi harusi aliyekimbia ukumbi. Mwingine akainama, akaona vidole vimeunganishwa na ngozi kama vya bata, akatangaza kwamba ni ndege wa maji. Basi kicheko kikazuka, kwamba katika nchi yote hii ndege wa maji anakuja kutafuta maji Newala.

Mama Dastani akafika. Akapiga magoti, akapuliza viganja. Ndege akamng'ata kidole mpaka damu ikatoka, hakuvuta mkono. Akamwinua, akamtazama kifua, akamweka chini asimame. Ndege akaanguka kifudifudi. Akamweka tena. Akaanguka tena, akatandaza mabawa huku na huku kama mtu anayeegemea magongo, miguu ikiburutwa nyuma.

Mtu yeyote aliyefuga kuku kwenye uwanda huu anaujua mkao ule. Ndivyo anavyolala tetea siku ya mwisho. Na Mama Dastani, aliyeuona mara elfu, akasema kabla ya kufikiri: "Miguu imekufa. Hiki ni kideri."

Maneno matano. Sijawahi kuona watu wakitawanyika vile. Mabanda yalifungwa, vifaranga wakafukuziwa ndani kwa ufagio, Hamida akasugua miguu yake kwa majivu mpaka ikapauka. Ndege akabaki kwenye matope na Mama Dastani ameinama juu yake, na mimi nyuma nikiwa sijui la kufanya na mikono yangu.

Hakumwacha pale. Alimfunga kwenye kanga kuukuu, akampeleka jikoni, akamweka kwenye beseni kubwa lililotandikwa gunia, na nyuzi zile mbili za mkia akazininginiza nje ya beseni zisivunjike. Kisha akakaa kwenye kigoda kumwangalia, kama anavyoangalia banda. Adhuhuri aliniita. Shingo imenyooka, akasema, na kideri hupinda shingo. Macho makavu. Hahemi kwa mdomo. Kinyesi cheupe, wala si cha kijani. Alikuwa anahesabu kwa kidole kilichofungwa kitambaa, na kila alichohesabu kilimwongezea uchungu usoni.

"Nimemsingizia, Mwalimu," akasema. "Mbele za watu."

Nilimwambia kwamba ni ndege tu. Akaligeukia beseni, na nikajua nimesema upuuzi.

Alasiri akaja Jafari, mwenyekiti wa kitongoji, mwenye kuku arobaini na jogoo aliyemwita Waziri. Alikuwa na hasira, lakini alisimama mlangoni na kuanza panapostahili.

"Shikamoo, Mama Dastani."

"Marahaba, Baba Pili. Karibu."

"Sikaribii. Nimekuja kuhusu maiti wako."

Aliongea kwa muda mrefu, na ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Mchanjaji mwenyewe ametamka kideri mbele ya watu, halafu mchanjaji mwenyewe anakilaza kideri jikoni. Raundi ya chanjo ilikuwa imeshatangazwa msikitini na kanisani, ianze Jumanne. Nani atakubali mikono hiyo iingie kwenye banda lake? Mama Dastani akamwambia kwamba alikosea. Jafari akauliza, kama alikosea Ijumaa hii, je, zile Ijumaa nyingine? Mwishowe Jafari akatoa hukumu: Jumatatu saa nne asubuhi ndege awe ameruka, au awe amefukiwa. Kama ni mzima, ndege mzima huruka. Na mpaka siku hiyo Mama Dastani asikanyage kwenye banda la mtu.

Njia rahisi ilikuwa kumchinja Ijumaa ileile na kumfukia kwa majivu. Angesifiwa. Nilimwona mara nyingi akikata shingo ya kuku mgonjwa bila kukunja uso, kwa hiyo haikuwa huruma ya kawaida. Lakini akimfukia ndege yule, maneno yake matano yangebaki ya kweli milele, na kideri kingekuwa kimeingia nyumbani kwake. Na yeye na mimi peke yetu ndio tungejua kwamba ni uongo. Alitaka ndege aruke, watu waone. Hakuna kingine chochote alichotaka siku zile tatu.

Yeye mwenyewe alijiwekea masharti makali kuliko ya Jafari. Gauni la jikoni halikutoka jikoni. Kandambili zilibaki mlangoni. Kila alipotoka alinawa kwa sabuni na majivu mpaka kwenye viwiko, nami akanilazimisha ninawe. Kuku wake mwenyewe, saba, aliwahamishia kwa binti yake wa ubatizo kijiji cha pili.

Shida ikawa chakula. Pumba ndege hakuzitazama. Dagaa wakavu tulimlowekea, akawatema mmoja baada ya mwingine kwa dharau. Nyakati nyingine samaki wabichi hufika sokoni Newala kutoka Mtwara kwenye barafu, lakini barabara ilikuwa imeharibika na magari hayakuja. Meza za samaki zilikuwa na ng'onda tu, samaki wakavu wenye chumvi nje na ndani. Ijumaa jioni kifua cha ndege kilikuwa kimekuwa chembamba kama kisu. Mama Dastani akaazima simu yangu, akampigia Reginald, muuza samaki wa bondeni anayepandisha perege wa Ruvuma kwa baiskeli. Akamwambia ana mgonjwa nyumbani, hali kitu, na anataka samaki wabichi wadogo, wale wa kutupa hata. Hakusema mgonjwa ni nani.

Jumamosi kabla ya mchana Reginald akatokea, amejaa tope mpaka shingoni. Njia ya kupanda kutoka bondeni ilikuwa imemomonyoka, akabeba baiskeli begani sehemu kubwa. Alikuwa ameleta perege wadogo kama kidole kwenye ndoo yenye maji ya mto, na alikuwa amevaa uso wa kumwona mgonjwa. Akavua viatu mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini amelala wapi. Mama Dastani akamwonesha beseni.

Reginald aliinama kulitazama. Halafu akakaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa tope. Lakini alipoacha kucheka alisogea karibu. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashua za Mtwara miaka mitatu kabla ya kurudi bondeni, na akatuambia kwamba ndege huyo anamjua kwa macho: huonekana mbali, huko ambako nchi kavu haionekani tena, yuko peke yake, na haji pwani kabisa. Anajirusha majini kutoka juu kama jiwe. Miguu yake hakuwahi kuiona, kwa sababu hakuwahi kumwona ametua.

Tukaanza kazi. Mimi nilishika mabawa juu ya kanga, Mama Dastani akapuliza viganja, akafungua mdomo ule wenye meno madogo kama msumeno, akaingiza samaki kichwa kwanza ili mapezi yasimkwaruze koo. Ndege akamtapika. Mama Dastani akaokota samaki yuleyule, akamsafisha, akaingiza tena. Akatapikwa tena. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu mahali pane. Samaki wa pili akaenda nusu, akasimama. Mama Dastani akapapasa shingo kwa kidole gumba kutoka juu kwenda chini, polepole, kama anayemaliza maji kwenye kibuyu. Tukaona uvimbe mdogo ukishuka. Ukashuka. Ukapotea kifuani. Hatukupumua, sote watatu tukitazama mdomo. Hakuna kilichorudi.

Reginald akasema sasa naomba chai.

Jumamosi alikula wanne kwa kulazimishwa. Jumapili alfajiri nilisikia Mama Dastani ananiita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka, nikatoka na kanga moja. Alikuwa ameshika samaki kwa mkia juu ya beseni, na ndege, bila kushikwa na mtu, akanyoosha shingo, akamnyakua. Akanyakua wa pili. Akatoa sauti kali ya kukwaruza, mbaya sana kwa ndege mzuri vile, na Mama Dastani akaiga sauti ile, akacheka, akaniomba mimi nimpe samaki mwingine, yeye asije akazimia kwa furaha. Jumapili hiyo hakwenda kanisani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa mumewe, na watu walilisema hilo pia.

Lakini miguu ilikuwa bado. Ukimweka sakafuni alilala kifudifudi kama Ijumaa. Ana shibe, ana hasira, ana macho kama shanga, na hasimami.

Ilikuwa mchana, akitaka kuosha beseni, alipompitishia ndege kitambaa chini ya kifua na kumninginiza kwenye boriti, kama watoto wanavyopimwa uzito kliniki. Kulikuwa na upepo kidogo mlangoni. Ndege, alipohisi hana ardhi chini yake, akafungua mabawa yote mawili. Jiko likajaa. Miguu ikajikunja juu, ikajificha kwenye manyoya ya tumbo. Mama Dastani akaweka beseni chini. Akapuliza viganja, akaweka kiganja chini ya miguu ile, na miguu ikamsukuma. Akaniambia niweke wangu. Ilikuwa na nguvu ya kidole cha mtoto anayekataa kuvishwa kiatu.

Hapo akasimama katikati ya jiko, mkono mdomoni, na nikaona jambo linamjia kutoka mbali.

Alizaliwa Lulindi, na alipokuwa msichana alifagia kanisa la misheni kila Jumamosi. Chini ya paa waliishi mbayuwayu weusi. Mara kwa mara mmoja alianguka sakafuni na kubaki pale amejitandaza, anatambaa kwa mabawa, na wasichana wapya walilia wakidhani amevunjika. Aliyezoea hakulia. Alimwokota, akampeleka dirishani, akamrusha nje. Na mbayuwayu akaenda zake. Miguu yao haikufa. Haikuwa ya kusimamia, basi. Ndege wa namna hiyo akianguka chini ni kama mtu aliyeanguka kisimani: mzima kabisa, ila hatoki.

Alinieleza hayo huku anatembea, kutoka jiko mpaka kwenye mgomba na kurudi, anapiga mapaja, ana miaka sitini na moja. Hakungoja. Akageuza kinu, akapanda juu yake uani, akamrusha ndege kuelekea angani kwa nguvu zake zote.

Ndege akapiga mabawa mara nne, akaangukia kwenye mihogo.

Jafari alikuwa amesimama barabarani. Sijui tangu lini.

"Hata Waziri angefika mbali zaidi, Mama Dastani," akasema. "Na yeye hajatoka baharini."

Tulimwokota. Hakuumia, ila unyoya mmoja mrefu wa mkia ulivunjika katikati. Niliingia chumbani kwangu nikakaa kitandani, maana nilikuwa nimeshaanza kuamini, na mimi huwa siamini upesi kwa kuogopa saa kama ile. Baada ya muda akabisha hodi. Alikuwa ameshika unyoya uliovunjika, na uso wake haukuwa umeanguka hata kidogo. Mbayuwayu wa Lulindi, akasema, sikuwarusha kutoka kwenye kinu. Niliwarusha kutoka dirishani. Chini kulikuwa na nafasi ya kuanguka kwanza.

Akavaa kanga safi, akaenda kwa Jafari, akasimama nje ya ua wake bila kuingia kama alivyoamriwa. Hakuomba kuongezewa saa. Aliomba kubadilishiwa mahali. Jumatatu saa nne ileile, lakini iwe Shimo la Mungu.

Shimo la Mungu ndipo uwanda wetu unapokatika. Unatembea kwenye nchi tambarare, unapita nyumba, unapita mikorosho, na ghafla hakuna tena nchi. Kuna bonde la Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake Msumbiji. Jafari alifikiri. Akasema sawa, atakuja na jembe.

Jumatatu tulitoka saa mbili unusu, beseni likiwa kichwani kwa Mama Dastani, limefunikwa kanga, na ule unyoya mmoja mzima unacheza nyuma ya kisogo chake. Nilidhani tutakuwa watatu. Tulipofika njia panda tulikuwa kumi, sokoni thelathini, na kwenye ukingo sikuhesabu tena. Hamida alikuwepo. Reginald alipanda kutoka bondeni na ndoo ya perege, kwamba mgonjwa asisafiri na njaa, na ndege akala watatu mbele za watu, jambo ambalo lilifanya wengine waanze kumpenda.

Bonde halikuwepo. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka usawa wa miguu yetu, mweupe, umetulia kama maziwa kwenye bakuli, na hewa ilikuwa imesimama kabisa. Jani halikutikisika. Mama Dastani alisimama kwenye jiwe la mwisho, amemkumbatia ndege kifuani, akatazama ule weupe, akarudi hatua moja.

Saa nne ikafika. Jafari akatazama simu yake, akatuonesha.

"Mama Dastani, wakati ni huu."

"Hakuna upepo, Baba Pili. Upepo wa hapa unapanda jua likishapasha bonde. Unajua."

"Nilisema saa nne. Sikusema upepo."

Jafari alikuwa ameegemea jembe, na sikuona ukatili usoni kwake. Niliona mtu mwenye kuku arobaini na neno alilolitamka mbele ya watu, naye. Mama Dastani akamwambia aiangalie kanga ya Hamida. Hamida alikuwa amesimama ukingoni, na pindo la kanga yake lilining'inia wima kama pazia la nyumba iliyofungwa. Likiinuka, akasema, hata kidole kimoja, namrusha. Lisipoinuka mpaka ukungu uishe, jembe ni lako na nitashika mwenyewe mpini.

Jafari hakusema ndiyo. Lakini alikaa chini kwenye nyasi.

Hivyo watu wazima wapatao hamsini, wenye mashamba yaliyojaa matawi ya kuondoa, walikaa kwenye ukingo wa dunia wakitazama pindo la kanga. Hamida aliona haya, akawa hathubutu kujikuna. Mtu alianza kutania kwamba apulize mwenyewe kwa chini, akanyamazishwa. Ukungu ulianza kupasuka. Likaonekana tundu, na ndani ya tundu miti midogo sana, halafu mkunjo wa mto unaong'aa, halafu tundu likafungwa. Ndege alikuwa ameinua kichwa.

Pindo likatikisika. Likashuka. Likatikisika tena, likainuka, likabaki juu, na nyuma yake nikahisi hewa ya uvuguvugu inapanda usoni kutoka chini, na harufu ya matope ya mto.

Mama Dastani akapiga hatua moja mbele, akanyoosha mikono yote miwili juu ya shimo, akaifungua.

Ndege akaanguka. Sitasema aliruka, maana hakuruka: aliporomoka kama kitambaa kilichodondoshwa, mabawa nusu, akageuka upande mmoja, akaingia kwenye ukungu. Weupe ukameza weupe. Mtu nyuma yangu akavuta pumzi. Nilikuwa naangalia palepale alipopotelea, nikajilazimisha nisiondoe macho, na nikahesabu bila kutaka: moja, mbili, tatu, nne, tano. Nilisikia Jafari anainuka. Sita. Saba.

"Yule!" Hamida akapiga kelele. "Yule kule!"

Alikuwa ametokea mbali upande wa kulia, chini sana, juu ya ukungu, na mabawa yake yalikuwa yamefunguka mpaka mwisho, marefu, magumu, hayapigi hata kidogo. Upepo ndio uliokuwa unamleta. Akaja akipanda. Akafika usawa wetu, tukaona ule wanja kwenye jicho, akapita mbele yetu kwa kasi ambayo hakuna kitu cha nchi kavu kinayo, unyoya mmoja unamfuata nyuma, akapita juu ya vichwa vyetu, akatoa ile sauti yake mbaya mara moja. Watu walikuwa wanapiga makofi, wanapiga vigelegele, Reginald alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua. Ndege akazunguka mara mbili juu ya bonde, kisha akafuata mto, upande unaoteremkia baharini. Tuliendelea kumwona kwa muda mrefu, na baada ya hapo tuliendelea kudhani tunamwona.

Jafari akaweka jembe begani. Alipita mbele ya Mama Dastani, akasimama, akatazama vile vidole vilivyofungwa vitambaa.

"Kesho uanzie kwangu," akasema. "Waziri awe wa kwanza."

Ilikuwa hivyo. Jumanne alfajiri nilimsikia anatoka na kapu, na raundi ile hakuna banda lililofungwa mbele yake. Kwa miaka iliyofuata alikuwa na hadithi moja ya kuwasimulia wachanjaji wapya waliokuja kujifunza kwake: alianza na kosa lake, maneno matano yote, bila kulipunguza, kisha akaonesha kwa kiganja jinsi ndege alivyoshuka na jinsi alivyopanda, na kila mara kiganja kilipopanda aliinuka nacho kwenye kigoda.

Baadaye sukari ikamkamata miguu. Binti yake Getrude akaja kumchukua, akampeleka Lulindi, na chupa ya dawa ikashikwa na mwingine. Nilikwenda kumwona likizo ya mwezi wa sita. Alikuwa kitandani karibu na dirisha, mwepesi, mchangamfu, anauliza habari za kuku wa kila mtu kwa jina la mwenyewe. Tulikaa mpaka gari la kurudi likapiga honi barabarani. Wiki tatu baadaye Getrude alinipigia simu kwamba mama hatunaye tena. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu ni yale aliyoniambia siku ile honi inapiga, nikiwa nimeshasimama, amenishika mkono hataki kuuachia.

"Pale yule ndege aliposhuka mimi nilifumba macho, Mwalimu. Sijamwambia mtu. Hebu kaa, uniambie alishuka mpaka wapi."